Mtangazaji kama Mlezi wa Istilahi: René Lecavalier na Hoki ya Barafuni katika Kifaransa cha Quebec

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya kazi ya René Lecavalier (1918–1999), mwanahabari wa Kanada aliyetangaza hoki ya barafuni kwa Kifaransa katika shirika la Radio-Canada. Hoja kuu ni kwamba istilahi haipati uhai kwa kubuniwa tu. Huupata inapotamkwa wakati ambapo umma unaihitaji, tena na kinywa ambacho umma unakiamini. Makala yanaanza kwa kueleza mazingira ya lugha jijini Montreal, kisha yanafuatilia safari ya kazi ya mtangazaji huyo na kuchambua mbinu za uundaji wa maneno zinazojitokeza katika msamiati wa mchezo wenyewe. Mwishoni yanapendekeza mafunzo kwa wanafunzi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anaposikia neno "istilahi", aghalabu fikira zake hukimbilia kamati, warsha na orodha ndefu za maneno yaliyopangwa kialfabeti. Fikira hizo si potofu. Lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, zimenufaika na kazi ya mabaraza na taasisi za aina hiyo. Hata hivyo, kuna maneno mengi yaliyoidhinishwa na kuchapishwa ambayo hayajawahi kutoka midomoni mwa watu. Yamelala kwenye kurasa kama mbegu ghalani, mazima lakini hayaoti.

Swali linalozuka ni hili: ni nani anayelitoa neno ghalani na kulipanda? Mara nyingi jibu hutafutwa darasani au serikalini. Makala haya yanalitafuta mahali pengine, katika kibanda cha mtangazaji wa michezo. Mfano unaotumika ni wa Lecavalier, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 aliwasimulia wasemaji wa Kifaransa nchini Kanada mchezo ambao sheria zake na msamiati wake vilikuwa vimeota mizizi katika Kiingereza. Mfano huu unamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa kuwa unagusa dai ambalo hata lugha yake imelazimika kulijibu, yaani dai kwamba lugha fulani "haina maneno" ya kueleza mambo ya kisasa.

2.0 Mchezo na Mazingira yake ya Lugha

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu mpira wa magongo unaochezwa nyasini. Hoki ya barafuni ni jamaa yake wa mbali. Kwa kawaida kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, mlinda lango akiwa mmoja wao, nao huvaa viatu vyenye makali ya chuma vya kutelezea juu ya barafu. Badala ya mpira, hutumia kisahani cheusi cha raba ngumu chenye kipenyo cha takriban sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Mchezo hugawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Kisahani hicho kinaweza kupigwa kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa, na wachezaji hubadilishwa bila mchezo kusimamishwa. Mtangazaji basi hana nafasi ya kutafuta neno. Asipokuwa nalo ulimini, tukio limekwisha kumpita.

Mchezo wa kwanza wa hoki ya ndani unaokumbukwa katika historia ulichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875. Ligi ya Taifa ya Hoki iliundwa katika jiji hilohilo mwaka 1917. Timu ya Canadiens, iliyoanzishwa mwaka 1909, ilikusudiwa tangu mwanzo kuwa timu ya Wakanada wasemao Kifaransa. Pamoja na hayo, lugha ya sheria, ya mikataba na ya uongozi wa ligi ilikuwa Kiingereza. Katika mitaa ya wafanyakazi, kijana aliyezungumza Kifaransa nyumbani na kanisani alikitaja kisahani, kipa na kosa la kuotea kwa maneno ya Kiingereza. Mapenzi ya mchezo yalikuwa yake, lakini maneno ya kuusimulia mchezo huo alikuwa ameyaazima.

Hali hiyo ilikuwa sehemu ya picha pana zaidi. Katika Montreal ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, Kiingereza kilitawala benki, viwanda vikubwa na maduka ya kifahari, ingawa wakazi wengi walisema Kifaransa. Lugha ya walio wengi haikuwa lugha ya mamlaka ya kiuchumi. Katika mazingira kama hayo msemaji anaweza kuanza kuamini kwamba lugha yake inafaa sala na mapishi, ila haifai mitambo, biashara wala kasi.

3.0 Safari ya Kazi ya Lecavalier

3.1 Kutoka Redioni hadi Uwanjani

Lecavalier alizaliwa Montreal mwaka 1918. Alijiunga na Radio-Canada mwaka 1937, akiwa kijana asiyetimiza miaka 20, wakati shirika lenyewe lilikuwa bado changa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya uanahabari Afrika Kaskazini. Alikuwa pia mtu wa vipindi vya muziki na sanaa. Kwa hiyo alipoingia katika utangazaji wa hoki hakuja na lugha ya barazani peke yake. Alikuja na nidhamu ya mtu aliyezoea kusoma, kupima sentensi na kuyatamka maneno kwa ukamilifu.

Itafaa kukumbuka kwamba hakuwa wa kwanza kuutangaza mchezo huo kwa Kifaransa. Kabla ya televisheni, sauti ya Michel Normandin ilikuwa imezoeleka redioni. Lecavalier alirithi njia iliyokwisha kufyekwa, akaipanua.

3.2 Usiku wa 11 Oktoba 1952

Kituo cha televisheni cha Radio-Canada jijini Montreal kilifunguliwa rasmi mwezi Septemba 1952. Wiki chache baadaye, tarehe 11 Oktoba, mechi ya hoki ilirushwa moja kwa moja kutoka uwanja wa Forum, chini ya uelekezi wa Gérald Renaud. Canadiens waliwashinda Detroit Red Wings kwa mabao 2 kwa 1. Mtangazaji alikuwa Lecavalier. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kipindi cha La Soirée du hockey, kilichodumu hadi mwaka 2004.

Televisheni ilileta changamoto mpya ya kimtindo. Redioni mtangazaji ni macho ya msikilizaji, hivyo analazimika kusema kila kitu. Kwenye televisheni mtazamaji anaona mwenyewe. Anachohitaji ni jina la anachokiona, na sababu yake. Hapo ndipo umuhimu wa istilahi ulipoongezeka. Picha ilikuwa mbele ya macho, sauti ikalitaja jambo papo hapo, na mtazamaji akajifunza neno bila kujua kwamba yumo darasani. Mwalimu yeyote wa lugha ataitambua njia hiyo: kitu huonyeshwa, hutajwa, kisha hurudiwa. Tofauti ni kwamba darasa hili lilikuwa na familia nzima sebuleni kila Jumamosi usiku, na hakuna aliyehitaji kulazimishwa kuhudhuria.

3.3 Miaka ya Ushindi na Miaka ya Ghadhabu

Bahati pia ilichangia. Canadiens walitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960. Maneno ya Kifaransa yalisikika basi yakiambatana na furaha, na neno linalosikika katika furaha hukumbukwa.

Kulikuwa na ghadhabu pia. Mwezi Machi 1955 rais wa ligi, Clarence Campbell, alimfungia nyota wa timu hiyo, Maurice Richard, kwa mechi zote zilizosalia msimu huo pamoja na za mchujo, baada ya vurugu katika mechi iliyochezwa Boston ambamo Richard alimpiga mwamuzi msaidizi. Tarehe 17 Machi mashabiki walizusha ghasia ndani na nje ya Forum, na barabara ya Sainte-Catherine ikaharibiwa vibaya. Kesho yake Richard mwenyewe aliwasihi watu watulie, akisema kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Wengi waliiona adhabu ile kuwa uamuzi wa mkubwa msema Kiingereza dhidi ya shujaa wa wasema Kifaransa. Tukio hilo linaonyesha kwamba hoki jijini Montreal ilikuwa imebeba uzito wa utambulisho wa watu. Kuutangaza mchezo huo kwa Kifaransa safi, chenye heshima na kisicho na woga, kulikuwa na maana iliyovuka mipaka ya michezo.

3.4 Moscow 1972 na Kustaafu

Septemba 1972 Kanada ilikabiliana na Umoja wa Kisovyeti katika mechi nane. Ya mwisho ilichezwa Moscow tarehe 28 Septemba. Timu zikiwa sare na sekunde 34 zimesalia, Paul Henderson alifunga bao la ushindi. Wakanada wasemao Kiingereza walilipokea bao hilo kwa sauti ya Foster Hewitt, nao wasemao Kifaransa walilipokea kwa sauti ya Lecavalier. Hakuna upande uliohitaji mkalimani ili kuonja kilele cha tukio hilo la kitaifa.

Mwaka 1984 Lecavalier alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kwanza kupewa tuzo ya Foster Hewitt, inayotolewa na Ukumbi wa Wanahoki Mashuhuri. Alistaafu mwaka uliofuata na kufariki dunia mwaka 1999.

4.0 Mbinu za Uundaji wa Msamiati

Kabla ya kuichambua mifano, tahadhari ya kimbinu inahitajika. Ni kosa kumhesabia mtu mmoja kila neno la Kifaransa linalotumika katika hoki. Baadhi ya maneno yalikuwapo kabla yake, mengine yalitumiwa na waandishi wa magazeti au na wenzake. Alilofanya kwa hakika ni kuchagua, kushikilia alichochagua na kukieneza. Mbinu nne zinajitokeza.

(a) Upanuzi wa maana. Kisahani cha hoki huitwa rondelle. Katika Kifaransa cha kawaida neno hilo ni kipande cha mviringo, mathalani cha karoti iliyokatwa. Neno la jikoni lilihamia barafuni bila kubadilishwa hata herufi moja, kwa kuwa umbo lilifanana. Msikilizaji hakuhitaji kufafanuliwa.

(b) Uhamishaji kutoka nyanja nyingine za lugha ileile. Kitendo cha mchezaji kumzuia mpinzani kwa kumgonga kwa mwili huitwa mise en échec. Neno échec ni la sataranji, mfalme anapotiwa mashakani. Mchezaji anayewaacha walinzi wote na kubaki ana kwa ana na kipa hufanya échappée, neno linalotumika pia katika mashindano ya baiskeli kwa mwendeshaji anayejitenga na kundi. Lugha ilijikopesha yenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani.

(c) Maelezo mafupi. Mkwaju mkali unaopigwa baada ya gongo kuinuliwa huitwa lancer frappé, yaani mrusho wa kupiga. Kuanzisha mchezo ni mise au jeu, kutia mchezoni. Timu yenye wachezaji wengi kwa sababu mpinzani ametolewa kwa adhabu huwa na avantage numérique, faida ya idadi. Istilahi za aina hii huwa ndefu kidogo, lakini zinajieleza.

(d) Tafsiri sisisi. Mchezaji akifunga mabao matatu katika mechi moja husemwa kuwa amefanya tour du chapeau, hila ya kofia. Msemo huo ni mwigo wa Kiingereza, ambacho nacho kiliutoa katika kriketi. Msikilizaji asiyejua asili yake hawezi kukisia kofia inahusiana vipi na mabao, na bado msemo umekita mizizi Quebec. Ni kielelezo kwamba mazoea huweza kuushinda utata.

Inafaa pia kutaja kauli iliyohusishwa sana na utangazaji wa zama zake, il lance et compte, yaani "anapiga na kufunga". Kwa maana ya kufunga bao, Kifaransa cha Ufaransa hutumia zaidi kitenzi marquer. Vilevile, kisahani kinachoitwa rondelle Quebec huitwa palet Ufaransa, na gongo linaloitwa bâton huko huitwa crosse Ulaya. Lecavalier hakungoja Paris imwidhinishie maneno. Alisema Kifaransa sanifu kinachoeleweka na wote, lakini kilichosimama juu ya barafu ya Kanada. Mwaka 1986 maneno Lance et compte yalipewa tamthilia ya televisheni iliyopendwa sana Quebec, ushahidi kwamba lugha ya uwanjani ilikuwa imekuwa mali ya wote.

5.0 Kati ya Usanifu na Lugha ya Mtaani

Miaka ya 1960 ilikuwa ya mabadiliko makubwa Quebec. Mwaka 1960 Jean-Paul Desbiens, bruda wa Kikatoliki na mwalimu, alichapisha kitabu kilichokosoa vikali lugha ya mtaani iitwayo joual, akiiona kuwa dalili ya unyonge wa jamii. Mwaka 1968 Michel Tremblay aliionyesha jukwaani tamthilia ya Les Belles-sœurs, iliyoandikwa kwa lugha hiyohiyo, akithibitisha kwamba nayo inaweza kubeba sanaa nzito. Mjadala ulikuwa mkali: je, msemaji wa kawaida asahihishwe, au asikilizwe?

Nafasi ya Lecavalier katika mvutano huo ni ya kuvutia. Alitumia lugha sanifu, lakini mahali pa kazi yake palikuwa katikati ya mapenzi ya watu wa kawaida. Kipindi chake hakikuwa mhadhara juu ya makosa ya watazamaji. Aliyesema neno la Kiingereza sebuleni hakukemewa, ila alisikia neno jingine likitumika kwa wepisi na ustadi, akabaki huru kulichukua au kuliacha. Usanifishaji unaoaibisha huzaa ukaidi. Ule unaovutia huzaa mwigo.

Ulinganifu wa tarehe unaitia nguvu hoja hii. Ofisi ya lugha ya Kifaransa ya Quebec iliundwa mwaka 1961. Sheria ya 101, iliyoimarisha Kifaransa kama lugha ya serikali, kazi na biashara, ilipitishwa mwaka 1977. Sheria hiyo ilipopitishwa, Lecavalier alikuwa amekwisha kutangaza hoki kwenye televisheni kwa miaka 25. Katika uwanja huu mmoja, sheria iliwakuta watu njiani.

Haimaanishi kwamba mabaraza na sheria havina kazi. Bila sera, mtangazaji mwingine angeweza kurudi kwenye maneno ya kuazima na juhudi zikapotea. Wala ubunifu si wa lugha zilizobanwa peke yake. Danny Gallivan, aliyetangaza mechi za Canadiens kwa Kiingereza katika miaka hiyohiyo, alisifika kwa kubuni maneno yake, likiwemo spinarama, la mchezaji anayezunguka ghafla kumkwepa mpinzani. Tofauti ni kwamba Gallivan alipamba nyumba iliyokwisha kujengwa, naye Lecavalier alitangaza huku kuta zikiinuliwa.

6.0 Mafunzo kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda Kanada ili kukutana na jambo hili. Utangazaji wa kandanda umeipa lugha yake hazina kubwa. "Kuotea" kulikuwa ni kuvizia kabla ya kuwa kosa la mshambuliaji. "Kufumania nyavu" kunachukua kitenzi cha kumnasa mtu katika tendo la siri na kukifanya kielelezo cha bao. Dakika za "lala salama" zimetoka katika maagano ya usiku. Sambamba nazo yapo ya kutoholewa: kona, penalti, faulo. Yote yameishi kwa sababu yalisikika. Leonard Mambo Mbotela (1940–2025), mmoja wa watangazaji waliopendwa zaidi nchini Kenya, aliwasimulia wasikilizaji mechi kwa Kiswahili kilichowafanya waone uwanja ambao hawakuwapo.

Mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, kamati za istilahi zinapaswa kuwashirikisha watangazaji tangu mwanzo, kwani neno lisilotamkika kwa haraka halitafika kokote. Pili, kabla ya kutohoa, nyanja nyingine za lugha yenyewe zichunguzwe: uvuvi, ususi, bao, ngoma na useremala vina maneno mengi yanayosubiri kuhamishwa. Tatu, tofauti kati ya matumizi ya Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko zisichukuliwe kuwa maradhi. Rondelle na palet zimeishi pamoja bila Kifaransa kuvunjika.

Fursa ya kujaribu mafunzo haya ipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Kenya ina timu ya hoki ya barafuni, Ice Lions, iliyoanza mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu katika hoteli moja jijini Nairobi, na ambayo mwaka 2018 wachezaji wake walisafiri hadi Kanada. Siku mechi yao itakapotangazwa kwa Kiswahili, mtangazaji atakiitaje kile kisahani cheusi?

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia kazi ya mwanahabari mmoja ili kuonyesha kwamba lugha hujijengea imani pale inapotumika katika jambo linalopendwa na watu wake. Lecavalier hakuwa mwanaisimu, wala hakuandika kamusi. Aliingia kibandani akiwa amejiandaa, akalitaja kila tukio kwa lugha ya wasikilizaji wake, akafanya hivyo msimu baada ya msimu hadi maneno yakaacha kuwa mapya. Wahenga walisema chovyachovya humaliza buyu la asali. Neno moja kila Jumamosi lilitosha kuliondoa dai kwamba Kifaransa hakingeweza kwenda kwa kasi ya barafu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayefikiria taaluma ya uanahabari, maikrofoni basi si chombo cha sauti tu. Ni shamba, na mbegu zipo ghalani.

Maswali ya Mjadala

1. Pendekeza istilahi mbili za Kiswahili za kisahani cha hoki ya barafuni, moja kwa upanuzi wa maana na nyingine kwa utohozi. Ipi ina nafasi kubwa zaidi ya kuenea, na kwa nini?

2. Sikiliza dakika kumi za utangazaji wa mechi kwa Kiswahili. Ainisha istilahi utakazozisikia kwa kutumia mbinu nne zilizojadiliwa katika sehemu ya 4.0.

3. "Usanifishaji unaoaibisha huzaa ukaidi. Ule unaovutia huzaa mwigo." Jadili kauli hii kwa kurejelea uhusiano wa Kiswahili sanifu na Sheng nchini Kenya.